Mkono Niliouficha

Kama kiharusi kimekupiga, na sasa umeketi kitini mkono mmoja umelala mapajani kama umeazimwa kwa jirani, nakuandikia wewe. Kama ni mumeo au ndugu yako ndiye aliyeketi hivyo, msomee. Mimi si daktari. Sijui ni mshipa gani ulifanya nini kichwani mwangu, na walionieleza nimesahau walichosema. Ninachokijua ni kukaa kwenye benchi, kuoshwa na mtu mwingine, na jinsi mtu mzima anavyoweza kupona halafu asitake ijulikane. Hilo la mwisho hospitalini hawakuambii, kwa hiyo nimeona niliseme mimi.

Jina langu ni Maro. Ukifika Garsen uliza duka la vifaa vya ujenzi lenye mabati ya kijani, utaletwa mpaka mlangoni. Mashine ya kukoboa mpunga iliyo nyuma yake ni yangu pia. Nilitoka Wenje kijana mwembamba na baiskeli moja, nikawa nabeba madumu ya maji, kutoka maji nikaingia misumari, kutoka misumari nikaingia saruji. Nyumba nyingi za matofali unazopita ukiingia mji huu zimesimama kwa misumari yangu. Shule niliiacha mapema. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, tena wa kulia, na binti yangu amenyoosha herufi tu. Nikijisifu mnivumilie. Baba hakuniachia hata jembe.

Mke wangu ni Halima. Nilimuoa akiwa ametoka kumaliza kidato cha nne, na cheti chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwanamume yeyote niliyemjua. Alikiweka sandukuni chini ya kanga. Akazaa, akalea, akawa mhudumu wa afya wa kijiji, anatembea na mkoba mpaka Chara kupima watoto. Watoto wetu walipokua akaniambia anataka kuomba nafasi chuo kikuu, kile cha serikali cha huku kwetu pwani, asomee tiba ya viungo. Nikamwambia aombe. Nilikubali kwa sababu sikudhani angepata.

Alipata.

Sasa mtu atauliza, tajiri mzima anaona wivu gani mkewe akisoma? Niulize mimi. Alirudi likizo ya kwanza na picha kubwa ya mifupa, akaibandika ukutani chumbani kwetu. Akinishika bega anataja jina la mfupa, akinishika goti anataja jingine. Mimi niliyenunua kitanda, godoro na ukuta wenyewe, nikawa nalala na mtu anayenijua ndani kuliko ninavyojijua. Majirani waliokuwa wakija kwangu kuuliza mambo wakaanza kupita dukani moja kwa moja hadi uani: "Mama Jillo yupo? Mgongo unaniuma." Hata mgongo wa mtu aliyeumia akibeba saruji yangu ulikwenda kwake.

Nilivumilia. Halafu siku moja simu yake ilikuwa mezani, ukaingia ujumbe wa sauti, nikaubonyeza. Sauti ya kiume, changa, ina kicheko: "Dada Halima, Alhamisi usisahau. Mimi naleta mgongo, wewe unaleta mikono."

Nilimwita kutoka jikoni, akaja na mwiko mkononi.

"Nani huyu anakuletea mgongo?"

Akasikiliza, akacheka. Afadhali angelia. "Huyo ni Kahindi, wa darasa letu. Ni prakitiko, Baba Jillo. Tunajifunza kwa kushikana sisi kwa sisi kabla ya kwenda kwa wagonjwa."

"Mnashikana?"

"Tunashikana."

"Wapi?"

"Darasani."

"Mimi nauliza wapi mwilini."

"Mgongoni, begani, gotini. Na mwalimu amesimama hapo hapo."

"Mwalimu mwenyewe mwanamume?"

Akaniangalia, akarudi jikoni. Sufuria ilikuwa inaungua.

Tangu siku hiyo Alhamisi ilikuwa haipiti vizuri kwangu. Mteja akija kununua rangi nampa bawaba. Nilikuwa na presha, na vidonge nilikuwa nimepewa, ila siku nikijisikia vizuri naviacha. Wewe usiviache. Nimekwambia mimi si daktari, lakini hilo halihitaji daktari.

Ilikuwa mwaka wake wa pili, masika, barabara imejaa matope mpaka malori ya saruji yamekwama, na mimi niko dukani sina wateja, nina simu tu. Alhamisi. Nikampigia hakushika. Nikapiga tena. Nilipiga mara nyingi mpaka aibu ikaisha. Mwishowe akashika, akanong'ona: "Niko darasani."

Nilitaka kusema: mgongo wa nani leo? Yakatoka maneno kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Nikajaribu tena, yakatoka vilevile.

Yeye hakucheka. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayetoa amri. "Baba Jillo, inua mikono yako yote miwili juu. Umeinua?"

Niliinua. Nikatazama. Wa kushoto ulikuwa juu, wa kulia ulikuwa kwenye kaunta, pembeni ya mzani, haujui kama umeitwa.

"Mmoja," nikajaribu kusema. Sijui alisikia nini. Kabla sijaanguka vizuri jirani yangu wa duka la nguo alikuwa ameshaingia mbio, na gari lilikuwa linakuja. Halima alibaki kwenye simu yangu asinikate, na watu wakapigiwa kwa simu nyingine. Ilinichukua miezi kujua kwamba simu hiyo nyingine ilikuwa ya Kahindi, na kwamba yeye ndiye aliyewaeleza wanibebe vipi. Aliyesaidia kuniokoa ni yule mwenye mgongo. Jaribu kulala na habari hiyo.

Hospitalini, huko Malindi, sikumbuki mengi. Nakumbuka feni iliyokuwa ikizunguka na kugota. Nakumbuka kuamka mdomo umekwenda upande na mate yanatiririka shingoni, na Halima ananifuta, koti lake jeupe la chuo limekunjwa kwapani. Alikuwa ametoka darasani akaja moja kwa moja. Nakumbuka kuvishwa nepi. Mimi. Muuguzi alikuwa msichana rika la mwanangu, akaniambia, "Mzee, geuka kidogo," na mimi niliyezoea kuambiwa "bosi" nikashindwa hata kugeuka. Halima akasema, "Niachie mimi." Alinigeuza kwa mikono miwili tu, bila kuguna, kama mtu anayejua mzigo unashikwa wapi. Palepale, sijaweza hata kusema jina langu, nikawaza: haya ameyajifunza kwenye mgongo wa yule.

Uone ugonjwa gani ulikuwa mkubwa zaidi.

Tulirudi Garsen. Dada yangu mkubwa, Mwanaharusi, akaja kutoka Wenje na kuku wawili na mkeka, akakaa wiki tatu. Siku ya kwanza tu alimkalisha Halima uani, nami nawasikia kutoka kitandani.

"Wifi, mke anauguza. Hayo ya chuo yakae kwanza."

"Nimeshaandika barua, dada. Nimeahirisha mwaka mmoja wa masomo."

"Mmoja tu?"

"Ndio wanaoruhusu. Mwezi wa kwanza nisiporudi nafasi inakwenda kwa mwingine, na sina umri wa kuomba tena."

"Na akiwa hajapona?"

Nikasikia kuku akipiga kelele, basi.

Mguu ulianza kurudi kabla ya mkono. Mwezi wa saba nilikuwa natembea na mkongojo wa chuma kutoka chumbani mpaka uani, nikifagia vumbi kwa ncha ya kiatu. Kuswali nilikuwa naswali kwenye kiti. Mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani, vidole vimejifunga kama mtoto anayekataa kutoa peremende. Halima alinikatazia kusema "mkono mbaya". Alisema huo ni mkono uliolala. Kila asubuhi alininyoosha kidole kimoja kimoja, akanikandisha unga wa chapati, akaniwekea vibanio vya nguo kwenye ukingo wa beseni nivibane. Kila Ijumaa alinipima nguvu na kuandika kwenye daftari lake. Wana kipimo chao, kuanzia sifuri, mkono uliokufa, mpaka tano, mkono mzima. Mimi nilikuwa moja. Baadaye mbili.

Na chakula. Wewe wa kwetu unajua. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kula si kazi mojawapo. Walinipa kijiko nishike kwa kushoto nikakikataa, nikasema sijapungukiwa kiasi hicho. Basi Halima akawa ananilisha. Wali na samaki, tonge baada ya tonge, ananitolea miiba, anasubiri nimalize kutafuna upande ulio mzima. Mwanzoni nilifumba macho kwa aibu. Mwezi ukapita, nikaacha kuyafumba. Hakuna Alhamisi tena. Hakuna simu ya "niko darasani". Mikono yake yote miwili iko kwangu, asubuhi, mchana na jioni, na picha ya mifupa iko ukutani haina kazi. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na nimekipata kwa kupooza.

Kila Jumanne ya pili tulikwenda kliniki ya fizio, ya kunyoosha viungo, hapa mjini. Tulifika mapema tukakaa kwenye benchi la mbao barazani, lile lenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo mgonjwa mmoja akiinuka wote tunayumba. Hapo nikakutana na Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma, mrefu, ndevu amezitia hina, kiharusi kimempiga upande uleule kama mimi. Wanawe walimleta kwa pikipiki, amefungwa kwa shuka katikati yao asidondoke. Tukaanza kushindana siku ya kwanza.

"Tajiri," akaniuliza, "mkono wako umeamka?"

"Bado."

"Wangu jana umefukuza inzi."

"Umemfukuza au ameondoka mwenyewe?"

Akafikiri. "Ameondoka. Lakini aliogopa."

Benchi zima likacheka mpaka likayumba. Huyo mzee alinisaidia kuliko nilivyowahi kumwambia, maana kila Jumanne ya pili nilikuwa na mtu wa kumshinda. Ukiugua, tafuta mtu wa kushindana naye. Halima alisema wengine wanaandika hivyo vitabuni. Mimi sikulisoma, nililijua.

Mkono uliamka embe za kwanza zilipoanza kuletwa mjini, mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimeketi stoo nyuma ya duka peke yangu, Halima yuko msibani mtaa wa pili. Kulikuwa na kopo la bolti na nati zimechanganyika. Nikatia mkono wa kulia ndani ya kopo kwa kuusukuma na wa kushoto, mchezo tu. Kidole gumba kikashika nati. Nikakiangalia. Nikakiambia, izungushe. Ikazunguka. Nusu tu, ikaanguka, nikaitafuta chini kwa mkongojo huku nalia. Siku hiyo nilifunga nati tatu kwenye bolti tatu. Ilinichukua asubuhi nzima, shati likalowa jasho kama nimepakua lori.

Nikamsikia Halima anaingia uani anavua viatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite. Halafu nikahesabu miezi. Wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kwanza. Nikaurudisha mkono kifuani, nikakunja vidole.

"Umeshindaje?" akaniuliza.

"Hivyohivyo."

Mchana akanilisha.

Huo ndio uongo wangu, na niliuendesha wiki tisa. Stoo nilikuwa bingwa. Nilimaliza kopo la bolti ndogo, nikaingia kubwa, nikafika mahali pa kukaza kwa spana na kufungua kufuli kwa ufunguo. Vitu vya kazi yangu vilinirudishia mkono kuliko vibanio vya nguo, na hilo nakupa bure: kama ulikuwa fundi cherehani shika sindano, kama ulikuwa mkulima shika mbegu. Mkono unakumbuka kazi yake. Ila mimi nikitoka stoo naufunga kifuani tena. Ijumaa Halima anaweka vidole vyake viwili kiganjani mwangu, anasema, "Nibane," na mimi nauacha ulegee. Anaandika mbili. Anaangalia ile mbili muda mrefu. Fizio wa kliniki naye aliupapasa mkono wangu hapa chini ya kiwiko, akasema, "Nyama zake hazijaisha, nashangaa." Nikamwambia nyama zetu sisi wa mtoni ndivyo zilivyo.

Mateso yalikuwa kwenye benchi. Barisa alikuja Jumanne moja ametabasamu kabla hajashushwa pikipikini.

"Tajiri! Nimefunga ndama. Kamba, fundo, mimi mwenyewe."

Watu wakampigia makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wakageuka kwangu. Mimi ambaye asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekaza bolti ya inchi moja mpaka spana ikalia! Maisha yangu yote sijawahi kufanya jambo nikalikalia kimya. Nilihisi litanitoka masikioni.

"Na wewe?" akaniuliza, sasa kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniua.

"Bado, mzee wangu. Bado mbili."

"Mungu atakupa," akasema, akanipapasa kifuani, juu ya ule mkono uliokuwa na nguvu kuliko wake.

Mwezi wa kumi na mbili ukaisha. Halima alianza kufunga vitabu vyake kwenye katoni, polepole, kimoja leo, kimoja kesho. Siku moja niliingia chumbani nikakuta ukuta mtupu, na alama nne za gundi pale ilipokuwa mifupa. Alinipikia kama kawaida, akanilisha kama kawaida, ila alikuwa anatazama nje ya dirisha akiweka tonge mdomoni mwangu, mara moja akaniwekea kidevuni. Mwanaharusi akapiga simu kutoka Wenje kumsifu. "Wewe ndiye mke," akamwambia. Halima akasema asante, akanipa simu, akaenda kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa.

Nilikuwa nimeshinda. Sitakudanganya kwamba nilijisikia vibaya wakati wote. Nilijisikia vibaya wakati mwingine.

Jumamosi kabla chuo hakijafunguliwa, kijana mmoja akasimama mlangoni mwa nyumba yangu. Mrefu, mkoba mgongoni, meno yote nje. Alikuwa anapelekwa hospitali ya Hola kwa mafunzo ya kazi, akashuka Garsen njiani.

"Hodi! Dada Halima yupo? Mimi Kahindi."

Nilikuwa sebuleni kwenye kiti changu, mkono kifuani. Halima akatoka jikoni anakausha mikono, akacheka cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu masika.

"Kahindi! Umekonda, nani anakupikia?"

"Hakuna, dada. Tangu uondoke darasa zima tumekonda." Akatoa karatasi mkobani. "Nimeleta fomu. Ofisi wanataka Jumatatu. Hapa unasaini kama unarudi. Hapa kama unaacha nafasi. Wamesema bila saini wanahesabu umeacha."

Halima akaichukua. Akaketi. Akanitazama mimi, akautazama mkono, akachukua kalamu. Niliona mahali kalamu ilipokwenda. Ilikwenda chini, upande wa kuacha. Ikasimama hapo haiandiki.

Kahindi naye hakujua aangalie wapi. Kijana ana adabu. Akanigeukia mimi mwenye nyumba, akainama kidogo, akanyoosha mkono. "Shikamoo, mzee. Samahani, sijakusalimu vizuri. Dada alituambia habari zako nyingi."

Alituambia. Darasa zima. Na amenyoosha mkono wenyewe, ule wa Alhamisi, vidole virefu, kucha safi. Na ananitazama kama Barisa alivyonitazama, kwa huruma.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Mkono wangu wa kulia ulitoka kifuani ukaushika wa kwake, ukabana. Ulibana kwa nati zote, bolti zote, Alhamisi zote. Nilimwona anasimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Marahaba," nikasema.

"Uuwi, mzee!" Alicheka huku machozi yanamlenga. "Mzee uko fiti! Dada, ulisema mbili, hii ni tano! Hii ni tano na nyongeza!"

Kijana wa watu alikuwa anafurahi kweli. Alikuwa na furaha kwa ajili yangu. Nikamwachia, nikabaki na mkono wangu hewani, umenyooka, vidole vimekunjuka, sina pa kuuweka.

Alimpa mgeni chai na mahamri, akamsindikiza hadi barabarani kutafuta gari la Hola, akarudi. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. Akaweka vidole viwili kiganjani mwangu.

"Nibane."

Nikambana kidogo.

"Kama ulivyombana Kahindi."

Nikambana.

"Tangu lini?"

"Tangu embe."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo inatikisika. "Kila mlo," akasema. "Kila mlo nilikuwa nakuona mdomo unafunguka, nasema moyoni, Mola, mrudishie mkono, nami nitaridhika hata chuo kikienda. Nilikuwa nauombea mkono huu, Baba Jillo. Nao ulikuwa unanisikiliza."

"Niliogopa utaondoka."

"Nitaondoka."

"Halima."

"Ninaondoka kesho kutwa." Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu, maana kelele naziweza. Akachukua fomu mezani, akasaini juu, kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akaweka sinia la chakula cha mchana mbele yangu, wali na kunde, akaenda chumbani akafunga mlango.

Nililitazama sinia lile muda mrefu. Halafu nikanawa, nikala. Tonge la kwanza lilianguka, la pili likafika. Nilikula nalia, na wali ulikuwa mtamu. Yote mawili ni kweli.

Aliondoka Jumatatu. Alikuwa ameniandikia mazoezi kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani, palepale palipokuwa na mifupa, akaandika juu kwa herufi za mtoto wa nasari ili nisipate kisingizio cha kutoelewa. Kwa wiki mbili alikuwa ananipigia kuuliza presha tu, namwambia, anakata. Wiki ya tatu aliuliza kama nimekula. Siku za rehema huanza hivyo, ndogondogo, usizidharau.

Benchini nilimfungulia Barisa kufuli mbele ya macho yake. Akaniuliza nimeanza lini. Nikamwambia ukweli wote, na kijana, na salamu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akafuta macho kwa ule mkono wake wa kufunga ndama, akasema, "Tajiri, wewe kilichopooza hakikuwa mkono."

Leo Halima yuko mwaka wa mwisho. Natembea bila mkongojo mpaka msikitini na kurudi, na nikichoka mguu unafagia kidogo. Alhamisi bado siipendi. Sitakwambia wivu umepona, maana nikikwambia hivyo nitakuwa naufunga mkono kifuani tena. Ila sasa nikishikwa nao nampigia jioni, akiwa ametoka darasani, namwambia, "Leo nina wivu." Anasema, "Umekunywa dawa?" Nasema nimekunywa. Anasema, "Basi utapita."

Likizo iliyopita alikuja na kazi ya chuo. Kila mwanafunzi anaandika habari za mgonjwa mmoja tangu alipougua mpaka alipofika, na yeye aliniandika mimi. Nilifurahi, nikamuuliza jina langu liko ukurasa gani. Akaniambia jina la mgonjwa haliandikwi, ndiyo sheria. Nikakasirika, mwili wangu, kiharusi changu, bolti zangu, halafu jina hapana! Akanisomea. Yote yalikuwa sawa, mguu, mdomo, mkono, moja, mbili. Akafika mahali pameandikwa: mgonjwa alificha uwezo wa mkono kwa wiki tisa kwa sababu za kifamilia.

"Sababu za kifamilia ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ndiyo namna ya kuandika."

"Futa. Andika wivu."

"Baba Jillo, kwenye fomu hakuna nafasi ya neno hilo."

Nikamwambia basi nitalitafutia nafasi mimi. Nikaagiza daftari dukani, nikakaa na kalamu mkono wa kulia.

Ilikuwa wivu. Jina la mgonjwa ni Maro.